Ukidhulumiwa Kazi ya Mtandaoni, Utashtaki Wapi na kwa Shilingi Ngapi?

Tuchukulie umepata kazi ya kusikiliza rekodi na kuziandika, malipo dola 400. Jukwaa linakata asilimia 10, zako zinabaki 360. Umekesha siku nne, umetuma kazi, na mteja anajibu kwamba hajaridhika na pesa haachii. Unafungua vigezo na masharti, vile ambavyo matangazo ya redio hutukimbizia mwishoni kwamba vizingatiwe. Humo unakuta kwamba mkishindwa kupatana, mnakwenda kwa msuluhishi wa kulipwa huko Marekani, na kila upande unatanguliza karibu dola 300. Ukishinda chote na ada isirudishwe, umebaki na dola 60. Ukishindwa, umelipa dola 300 ili uambiwe huna haki.

Hiyo nayo ni bei, na ndiyo ambayo watu hawailinganishi. Wanalinganisha makato: hili asilimia 10, lile asilimia 20. Wanalinganisha gharama ya kutoa pesa hadi zifike kwenye simu. Kifungu cha sheria na mahali pa kushtakiana hukaa chini kabisa, karibu na anwani ya kampuni, na wachache hushuka hadi huko. Shuka. Ukiwa na bando dogo, tafuta maneno matatu tu ndani ya ukurasa, "governing law", "arbitration" na "opt out", usome aya zinazoyazunguka. Dakika kumi zinatosha.

Aya hizo zinabeba mambo matatu ambayo watu huyachanganya: sheria ya nchi gani itatumika, nani ataamua, na ataamulia wapi. Wengi huogopa la kwanza. Sheria za California nitazijulia wapi mimi? Usijichoshe nalo. Kazi iliyokubaliwa ikafanywa na haikulipwa ni deni California, ni deni London na ni deni Nairobi. Linalofilisi ni la pili na la tatu, kwa sababu humo ndimo mna ada, nauli na wakili. Tena kabla ya yote kuna swali ambalo kifungu hakiulizi, na kwangu ndilo la kwanza: siku ugomvi unapoanza, pesa iko mkononi mwa nani?

Tuanze na majukwaa makubwa ya nje, maana huko ndiko kazi ziliko. Lililo zuri humtaka mteja aweke pesa amana kabla hujagusa kazi ya bei iliyopangwa. Ugomvi ukizuka, kwanza mnazungumza wenyewe, kisha mtumishi wa jukwaa anajaribu kuwapatanisha, na mkikwama ndipo unakuja usuluhishi wa kulipia. Hatua mbili za mwanzo ni bure. Kwa mwenye kazi ndogondogo, hizo mbili ndizo mahakama yake yote, na azitumie kana kwamba hakuna nyingine.

Neno usuluhishi lisikulaghai. Si wazee wa mtaa wanaokaa barazani na kahawa yao hadi mpeane mikono. Huyu ni hakimu wa kukodi: analipwa kwa ada, mara nyingi anaamua kwa kusoma makaratasi tu, kwa Kiingereza, na akishaamua, nafasi ya kukata rufaa ni finyu mno.

Sasa angalia gharama ambazo haziandikwi kwenye ukurasa wa bei. Ya kwanza ni siku. Mteja akishapokea kazi hupewa muda wa kuikagua, mara nyingi siku 14, na akinyamaza pesa inakuja kwako. Hapo unanufaika. Lakini na wewe unapodaiwa urudishe pesa una siku chache za kujibu, na kimya chako kinahesabiwa kuwa umekubali. Mimi dola 85 zilinitoka hivyo hivyo. Nilikuwa kijijini kwenye msiba, mtandao wa kupanda mlimani, na niliporudi mjini kesi ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyesikiliza habari ya msiba.

Ya pili ni mtego wa ada yenyewe. Katika baadhi ya masharti, upande mmoja ukilipa ada ya usuluhishi na mwingine akashindwa, aliyelipa anachukua pesa yote iliyo amana. Kwa kazi ya dola 400 mteja hana faida kubwa ya kucheza mchezo huo. Kwa kazi ya dola 1,500 anayo: anaweka dola 300, anasubiri ushindwe kuweka zako, anaondoka na kazi na pesa. Hakulazimika kutoa hoja hata moja. Ndiyo maana kazi kubwa uikate vipande, kila kipande kiwe na pesa yake katika amana na tarehe yake ya kulipwa. Kazi ya dola 1,500 iliyogawanywa mara tano ni ugomvi wa dola 300, na huo haumlipi mtu kuupeleka mbali.

Ya tatu ni muda wa kushtaki. Sheria za Kenya na za Tanzania zinakupa miaka 6 kudai haki ya mkataba. Masharti mengi ya mtandaoni yanaibana miaka hiyo hadi mwaka mmoja. Kando yake utakuta kikomo cha fidia: hata jukwaa likikosea vibaya, halilipi zaidi ya kiasi fulani, mara nyingi makato uliyolipa miezi ya karibuni. Ukiwa umelipa makato ya dola 40, basi hiyo ndiyo thamani yako kwao kwenye karatasi.

Kuna mtu aliyeisukuma hesabu hii hadi juu kabisa. David Heller alikuwa akipeleka chakula kwa gari mjini Toronto kupitia Uber, akipata dola za Kanada 400 hadi 600 kwa wiki. Alipotaka kudai haki za mfanyakazi, akaambiwa mkataba wake ni wa sheria ya Uholanzi na ugomvi unaamuliwa huko. Ada ya kufungua tu ilikuwa karibu dola 14,500 za Marekani. Kwa shilingi za Kenya hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki nane, na wakili bado hajalipwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikitupa kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa cha kumkandamiza mnyonge. Heller alishinda, lakini alishinda kwao, mbele ya mahakama za kwao. Wewe wa Kariakoo au Kisauni usiweke hukumu ya Kanada kwenye bajeti yako.

Na mara mojamoja mchimba kisima huingia mwenyewe. Masharti haya hupenda kukataza watu kushtaki kwa pamoja. Kila mtu na lake. Mwaka 2019 huko California wapeleka chakula wa DoorDash zaidi ya 5,000 walisema sawa, kila mtu na lake, wakafungua kila mmoja dai lake. Kampuni ilitakiwa kulipa ada ya dola 1,900 kwa kila dai, jumla karibu dola milioni 9.5. Ilijaribu kukwepa usuluhishi ilioutunga yenyewe, na mwaka 2020 jaji akaiamuru ilipe. Mimi nilicheka, ila mkakati huo unahitaji wenzako 5,000 na mawakili wanaokubali kulipwa baadaye.

Usuluhishi wa nje una sifa moja ya haki ambayo wauzaji wa huruma hawakuelezi: unadumu. Upo Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania iliuingia mwaka 1964 na Kenya mwaka 1989, na sasa una nchi zaidi ya 170. Uamuzi wa msuluhishi uliotolewa nchi moja unaweza kukazwa katika nchi nyingine mwanachama. Ukimdai mteja wa Texas dola 9,000 na una karatasi ya msuluhishi, karatasi hiyo ina meno Texas. Hukumu ya mahakama ya Nairobi haina njia rahisi kama hiyo huko. Kwa hiyo mwenye mikataba ya maelfu ya dola, usuluhishi ni bidhaa ghali inayodumu. Mwenye mikataba ya mamia, ni bidhaa ghali basi.

Kundi la pili ni majukwaa ya nje yanayosema hakuna usuluhishi, mtakutana mahakamani, na mahakama ni ya kwao peke yake. Kwa kazi chini ya dola 1,000 kifungu hicho kihesabu kuwa hakipo. Nauli tu inazidi deni. Nako kuvunja makubaliano hayo ukashtaki nyumbani si bure: mahakama za Kenya, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1985 katika kesi ya kampuni ya bima ya United India, huheshimu mahali mlipokubaliana isipokuwa mlalamikaji aonyeshe sababu nzito. Kumpelekea wito mshtakiwa aliye nje ya nchi nako kunataka ruhusa ya mahakama.

Utaniuliza, mbona wale wachujaji wa maudhui ya Facebook waliishtaki Meta hapa Nairobi? Kweli. Mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi Mei 2022. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ni ushindi mkubwa. Ila hesabu tarehe: zaidi ya miaka miwili, na bado walikuwa wakijibizana kama mlango ufunguliwe au la. Wewe kodi yako ni ya mwisho wa mwezi.

Jambo moja kwa wasomaji walioko Marekani: masharti mengi yenye usuluhishi huacha wazi mlango wa mahakama ya madai madogo ya huko. California mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, ada ya kufungua ni dola 30 hadi 75, na mbele ya hakimu mnasimama bila mawakili. Kwa anayeishi Oakland au San Diego hakuna bei inayoishinda hiyo.

Tuje nyumbani. Jukwaa la hapa linaloandika kwamba sheria ni ya Kenya na mahakama ni za Kenya linakupa kitu ambacho majukwaa makubwa hayana: Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021 na imeenea. Inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Deni la shilingi 46,000 ambalo kwa msuluhishi wa nje lingeliwa na ada, hapa linadaiwa kwa nauli ya matatu na picha za skrini zilizochapishwa.

Lakini chunga mdomo wako. Mahakama hiyo hairuhusiwi kusikiliza migogoro ya ajira. Ukiingia ukajieleza kuwa wewe ni mwajiriwa wa jukwaa uliyeonewa, umejifukuza mwenyewe; hayo ni ya Mahakama ya Ajira, ambako kuna foleni na gharama nyingine. Ukisema ulitoa huduma kwa mkataba na hukulipwa, uko mahali pako. Amua mapema wewe ni nani, maana karatasi zako zitaulizwa.

Tanzania hali ni tofauti kidogo. Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, na huko kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, jambo ambalo peke yake lina thamani ya ada ya mkalimani. Kama uhusiano wenu ni wa ajira kweli, una saa za kuingia, msimamizi na mshahara wa mwezi, basi njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo angalia kalenda: malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Watu hupoteza haki zao wakisubiri bosi ajirudi.

Dosari za majukwaa ya nyumbani nazo zisemwe. Kazi ni chache na bei ni ndogo. Mengine hayana amana: mteja analipa akipenda, jukwaa linakata kamisheni ya kukuunganisha na kunawa mikono. Mengine ofisi iko Westlands lakini jina lililoandikwa kwenye masharti ni la kampuni iliyosajiliwa Delaware, na sheria ni ya Delaware. Bendera kwenye tangazo haisaidii. Soma jina la kampuni na nchi iliyosajiliwa. Tena hukumu si pesa. Mdaiwa akigoma, unamtafuta dalali wa mahakama, naye halipwi kwa shukrani.

Kwa hiyo ukinipa jukwaa la nje lenye amana na kifungu kibaya, na la nyumbani lisilo na amana lenye kifungu kizuri, kwa kazi za chini ya dola 500 nachukua lenye amana. Kifungu kizuri kinakusaidia kuifuata pesa iliyokwenda. Amana inaizuia isiende. Nikipata la nyumbani lenye amana, sitafuti tena, hata likikata asilimia tano zaidi.

Njia ya kukaa bila jukwaa, ya magrupu ya WhatsApp na Telegram, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote hadi siku unapodhulumiwa. Hakuna makato, na hakuna kifungu. Kama mteja yuko nchini na unamfahamu kwa jina na ofisi, andikianeni mistari mitano: kazi, bei, tarehe, nusu ya malipo kabla, na mahakama ya mji gani. Kama yuko nje na humfahamu, nusu kabla ndiyo kinga yako pekee, na nusu hiyo iwe inatosha kukufidia ukikosa nyingine.

Kuhusu kukodi akaunti ya mtu: usilipe hata shilingi. Biashara hiyo imeenea kwa kuwa akaunti zenye sifa nzuri ni ngumu kupata, na mwenye akaunti anataka asilimia 30 au 40. Mkataba ni wa jukwaa na yeye. Humo mna jasho lako tu, jina lako halimo. Ugomvi ukizuka huwezi kufungua dai, huwezi kumwandikia msuluhishi, na kukodisha kwenyewe ni kosa linalofunga akaunti. Siku mwenyewe akibadilisha nywila, mshahara wa mwezi umeondoka naye.

Hapo tumefika kwenye ugomvi ambao amana haiutibu: wewe na jukwaa lenyewe. Akaunti inafungwa asubuhi, sababu haielezwi vizuri, na ndani mna dola 270. Kifungu cha usuluhishi kiliandikwa hasa kwa ajili ya siku hiyo, na kikomo cha fidia pia. Dawa yake ni ya kizamani: usiweke akiba kwenye jukwaa. Toa pesa kila wiki hata kama ada ya kutoa inakuuma. Ukitoa mara nne kwa mwezi kwa dola 2 kila mara, umelipa dola 8 kulinda 270. Bima ya bei hiyo huipati kwingine. Na nakili za mikataba, ujumbe wa mteja na risiti ziweke nje ya jukwaa, kwa sababu akaunti ikifungwa ushahidi nao unafungiwa ndani.

Nikigawa kwa mfuko: kazi za chini ya dola 200, chagua jukwaa lenye amana na upatanishi wa bure, na usilipe ada yoyote ya ugomvi; ukishindwa hatua ya pili, chukua nusu mteja akikubali, au acha. Kati ya 200 na 1,000, gawa kazi vipande na uangalie kama ada ya usuluhishi hurudishwa kwa mshindi. Ukizidi dola 3,000 kwa mkataba mmoja, kifungu cha usuluhishi kinaanza kuwa na thamani, na hapo mlipe wakili saa moja asome kabla hujabofya.

Limebaki moja, nalo ni la bure. Masharti mengi ya Kimarekani yanakuruhusu kujitoa kwenye usuluhishi wa lazima kati yako na jukwaa ukiwaandikia ndani ya siku 30 tangu ulipokubali. Hawakufungii akaunti kwa hilo. Kujitoa hakukuletei mahakama mlangoni, na mara nyingi hakugusi usuluhishi wa kazi zilizo kwenye amana, lakini kunakuachia haki ya kwenda mahakamani na ya kuungana na wenzako. Kama ulijiandikisha mwezi huu, fungua barua pepe leo, andika jina lako kamili, anwani ya barua pepe ya akaunti, tarehe uliyokubali masharti, na sentensi moja kwamba unajitoa kwenye kifungu cha usuluhishi. Itume kwa anwani iliyotajwa ndani ya kifungu chenyewe, si kwa huduma kwa wateja, na ujipelekee nakala.